Maji Aliyoyaonja Mama

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nilikwenda kwa Mjomba nikamwambia kwamba Mama anamwaga maji ya mvua. Hayo tu. Sikuongeza chumvi wala sikudanganya. Mama alikuwa anayamwaga kweli, nilimwona kwa macho yangu, na kwa akili yangu ya wakati ule nilidhani mtu akisema kweli hawezi kuharibu kitu.

Nimelikumbuka juzi, hapa Mbeya ninapopanga. Jirani wa chumba cha pili aliweka magadi kwenye maharage, moto ukazidi, sufuria ikafurika povu, na ile harufu, nusu sabuni nusu majivu yaliyolowa, ikapita juu ya ukuta ikaingia kwangu. Nilikuwa nachora mpangilio wa vigae vya bafu la mteja. Nilikuwa nimeuchora, nikaufuta, nikauchora tena mpaka karatasi imetoboka. Harufu ilipofika nikaweka kalamu chini, na siku ile sikuishika tena.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani. Ni fundi vigae, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kutazama wengine na kuharibu vya watu. Kigae kikipishana na mwenzake kwa unene wa ukucha, sipati usingizi. Utotoni nilikuwa hivyohivyo. Nilipanga kandambili za nyumba nzima mlangoni, zote zikitazama nje. Watu wazima wakinyamaza ghafla, nilitafuta kosa langu mpaka nilipate, na nisipolipata nililitengeneza. Mtoto wa aina hiyo akiona jambo asilolielewa, haliachi lipite. Analipa maana, kisha anaanza kuiogopa ile maana aliyoitoa mwenyewe.

Mama alizaliwa Ubaruku, bondeni kwenye mpunga, akaolewa juu Mafinga, kwenye baridi. Baba yangu alikuwa anapasua mbao huko, nguo zake zikinuka utomvu hata zikifuliwa. Siku moja tulipanda gari na mabegi yetu tukashuka bondeni, mimi na Mama peke yetu, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Bibi, mama yake Mama, alitupokea bila swali. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, ndiye aliyeshika ardhi ya familia. Tena alikuwa mmoja wa wanaogawa zamu za maji ya mfereji, kazi inayompa mtu heshima na maadui kwa pamoja. Alimpa Mama jaruba la chini kabisa, kipande cha mpunga kilichozungushiwa matuta. Alimwambia mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida, akila, kwamba akilivuna msimu huo litakuwa lake na mwanawe, na likimshinda litarudi kwake. Mama akasema sawa, Kaka. Nikaona Bibi ameacha kutafuna.

Jaruba lile lilikuwa limeshawashinda watu. Lilikuwa mwisho wa mfereji, mahali ambapo maji yaliyochoka ya majaruba yote ya juu yalifika yakakosa pa kwenda, yakakauka hapohapo. Udongo wake ni mfinyanzi mweusi. Kiangazi ulipasuka nyufa za kumeza mguu wangu mpaka gotini, na kwenye midomo ya zile nyufa kulikuwa na ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Asubuhi ukoko ulikuwa mdogo. Jua likipanda ulikuwa umeongezeka, na mimi niliamini kwamba unatoka shimoni kunitazama. Ng'ombe waliopitishwa pale walisimama kuulamba na hawakutaka kuondoka hata wakipigwa fimbo. Watu walisema mpunga wa jaruba lile unaungua ukiwa umesimama ndani ya maji. Nililala nikiwaza jambo hilo. Moto ninaujua, unazimwa kwa maji. Sasa kitu kinachounguza ndani ya maji kinazimwa na nini?

Bibi hakukiogopa. Alikwangua ule ukoko akatengeneza magadi ya kuuza sokoni. Alikuwa na chungu chenye matundu kwenye kitako. Alitandika nyasi ndani, akajaza udongo wa jarubani, akakipandisha juu ya mafiga na sufuria chini yake, halafu akamimina maji safi polepole. Yaliyodondoka chini yalikuwa na rangi ya chai, na ukiyagusa kwa ulimi yanauma. Aliyachemsha mpaka yakakauka, yakabaki magadi. Udongo uliokwisha kuoshwa aliumwaga nyuma ya nyumba, na juu ya lundo lile maboga yaliota yenyewe, majani mapana yakitambaa mpaka chooni.

Ila kuna siku chungu kilikataa. Maji yalisimama juu ya udongo, uso umetulia, na chini hakikudondoka kitu. Bibi alisema udongo umeziba. Alisema udongo wa huku una tabia hiyo: ukiuosha kwa maji matamu, chumvi ikianza kutoka, wenyewe unavimba na kujifunga, na yaliyobaki ndani hayatoki tena. Akaumwaga wote, akauchanganya na pumba za mpunga ili upate pa kupumulia, akaanza upya. Kwake ilikuwa kero ya kazi. Mimi nilibaki na picha ya udongo unaojifunga wenyewe na kitu kikiwa ndani, na baada ya hapo sikukanyaga jaruba lile pekupeku.

Asubuhi moja nilimkuta Mama amechuchumaa mbele ya maboga ya Bibi. Alichimba kwa kidole, akaweka udongo ulimini, akatema. Akasogea, akaonja mahali pengine.

"Mama," akamwambia Bibi, "shamba lako la maboga halina chumvi."

"Boga linatiwa chumvi jikoni," Bibi akajibu.

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa sababu wao wamecheka.

Kuanzia hapo Mama akawa kama mtu anayekimbizwa. Kwenye mashine za kukoboa, Ubaruku ina milima ya pumba ambazo hakuna anayezitaka, zinachomwa tu zikafuka moshi wiki nzima. Mama alizijaza kwenye viroba akazibeba kichwani mpaka jarubani, akazimwaga, akalima kwa jembe la mkono ili ziingie ndani. Alipomaliza akaanza kuchimba mtaro upande wa chini, mrefu na wenye kina, kutoka kwenye tuta la jaruba mpaka kwenye korongo linaloelekea nyikani. Jirani yetu wa jaruba la juu, Baba Neema, alikuwa akisimama kwenye tuta lake kumtazama.

"Dada, unalilisha jaruba pumba?" alimuuliza siku moja. "Endelea, litataga."

Mama aliendelea kuchimba. Usiku ule viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na Bibi alipokuwa anampaka mafuta nikamsikia Mama akisema, kwa sauti ya chini, "Likinishinda hili narudi Mafinga, na mtoto nakuachia." Bibi akasema mtoto si kuku wa kuachiwa watu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia maneno ya Mama tu. Ya Bibi sikuyahesabu.

Mvua zilichelewa. Kanisani kwetu Jumapili mchungaji alisimamisha ibada tukaombea mvua, wazee kwa watoto, wengine kwa Kiswahili na wengine kwa Kisangu na Kinyakyusa, sauti zikichanganyika. Mama aliomba akiwa amefumba macho kwa nguvu. Nilimwangalia. Niliona machozi, nikafarijika, nikajua anataka mpunga kama watu wengine. Kwa hiyo mvua ilipokuja, nilichokiona siku ile ya kwanza kilinichanganya vibaya sana.

Ilikuja mchana, kutoka upande wa milima, ikitanguliwa na upepo wenye vumbi. Bonde zima likatoka nje. Watu walikimbia na majembe wakaziba matundu ya majaruba yao kwa tope, wakakanyaga, wakaongeza tope. Huko kwetu kushika maji ni kama kushika mtoto. Mtu anayeacha maji yakatoka jarubani mwake anasemwa mpaka kwenye misiba. Watu wameumizana kwa majembe kwa sababu ya tundu lililofunguliwa gizani. Na katikati ya watu wote wale wanaoziba, nilimwona mama yangu anafungua. Alipiga jembe kwenye tuta la chini, mara ya pili, mara ya tatu, tuta likakatika, na maji yaliyopita kwenye udongo wa jaruba letu yakaanza kuingia mtaroni na kwenda zake korongoni.

Yalikuwa na rangi ya kahawa. Yalitoa povu pembeni. Mama aliinama, akakinga kwa kiganja, akanywa. Akatema. Akasema, "Bado."

Mvua ya pili akafanya vilevile. Nilikuwa nimejificha nyuma ya magugu, nimelowa, natetemeka. Aliacha jaruba likajaa, likakaa kidogo, akalifungua, akaenda kwenye mdomo wa mtaro akaonja, akatema, akasema, "Bado." Hakuwa akisema na mtu. Alikuwa akiyaambia maji yenyewe, au kitu kilichokuwa ndani ya maji. Siku nyingine alikaa kimya muda mrefu baada ya kuonja, kama anasikiliza, ndipo akasema lile neno lake.

Nilikuwa mtoto mwenye bidii, nikaunganisha mambo. Mama alisema likimshinda anarudi Mafinga na mimi ananiacha. Mama anamwaga maji tuliyomwomba Mungu. Mama anakunywa maji machafu na kuzungumza na kitu, anakiambia bado, yaani muda wake haujafika. Basi anataka jaruba limshinde. Analiharibu kwa makusudi, na hicho anachokiita kikifika, ataondoka. Sikuwa na shaka hata kidogo. Ni ajabu jinsi mambo yalivyokaa sawa kichwani mwangu, kila kimoja kimeshika kingine, hakuna hata kilichopishana.

Nilimkuta Mjomba nyumbani kwake amekaa juu ya gurudumu bovu anatengeneza pawatila, trekta lake dogo la magurudumu mawili. Nikampa shikamoo. Akaitikia bila kuinua kichwa.

"Mjomba, Mama anamwaga maji."

"Tuta limebomoka?"

"Hapana. Analifungua mwenyewe."

Ndipo akainua kichwa. Aliniuliza kama nimeona au nimesikia, nikasema nimeona. Kisha nikaongeza lile lililokuwa linanitisha zaidi, kwamba anayanywa. Mjomba alishika spana hewani. "Anayanywa?" akauliza, taratibu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu mzima naye anaweza kuogopa kitu nilichosema mimi. Nilijisikia mzito, mtu wa maana. Nilidhani sasa jaruba limepona, na Mama atabaki.

Kesho yake alasiri alikuja na Baba Neema na watu wengine wa mfereji. Walikuja kwa mstari juu ya matuta, kila mmoja na jembe. Mama alikuwa mtaroni, maji yakimfika vifundoni. Mjomba hakutoa hata salamu ya kamwene, yeye ambaye husalimia mpaka watu asiowajua.

"Watu wanapigania maji haya," akasema, "na mimi ndiye nawagawia. Dada yangu wa tumbo moja anayamwaga nyikani. Niwaambie nini?"

"Simwagi, Kaka. Naosha."

"Naosha," Baba Neema akarudia. "Basi tukuletee na sabuni."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu kila kitu, kwa sababu Mjomba alisikia kuwa kinamhusu yeye. Mama alijaribu kueleza. Alisema chumvi iko ndani ya udongo, inaondoka na maji ya mvua kwa sababu maji ya mvua hayana chumvi yake, lakini lazima yaingie juu na yatokee chini, yakibaki ndani yatakauka na kuiacha palepale. Alisema anaonja kila siku na ukali unapungua. Alieleza vizuri. Nikikumbuka leo najua kwamba hakukosea hata neno. Lakini alikuwa mwanamke aliyesimama kwenye tope hadi vifundoni, akiwaambia wanaume wa mpunga kwamba mvua ya kwanza si ya kushika.

"Niachie mvua hizi za mwanzo tu," akasema mwishoni. "Za kupandia zitakuja."

"Na zisipokuja?"

Hakuna mtu bondeni mwenye jibu la hilo.

Wakaziba. Walichota tope, wakalijaza kwenye tundu, wakalikanyaga kwa zamu mpaka likawa gumu kuliko tuta lenyewe. Mjomba alisema ataleta pawatila yake bure kulivuruga jaruba, na miche ataitoa kwenye kitalu chake, ili dada yake asikose. Alikuwa mkarimu kweli. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Mama alikuwa akitazama maji yakipanda ndani ya jaruba, kisha akageuka akanitazama mimi, niliyesimama nyuma ya Mjomba nimeshika shati lake. Hakuuliza. Nadhani alijua hapohapo.

Pawatila ikaja, ikavuruga udongo mpaka ukawa uji mzito, pumba zote zikafukiwa, nafasi zote za kupumulia zikasagwa. Tukapanda. Miche ikakaa vizuri, mistari imenyooka, mimi ndiye niliyeinyoosha kwa kamba. Kwa siku chache lilikuwa jaruba zuri kuliko yote ninayoyakumbuka. Kisha mvua ikakata. Jua likawa kali, likakaa hivyo siku nyingi, na maji yakaanza kushuka kidogo kidogo, na kadiri yalivyoshuka yalizidi kuwa meusi. Upepo ulikoma. Vyura walikuwa wakilia kwenye majaruba ya juu, kwetu hawakulia. Nilikwenda kila asubuhi kusikiliza. Hakuna.

Ukoko mweupe ulianzia katikati, kwenye kisehemu kilichoinuka, duara dogo kama sahani. Kesho yake lilikuwa kama ungo. Ncha za majani ya mpunga zikageuka njano, kisha kahawia, kama zimepitishwa kwenye moto wa kibatari. Nikajua sasa hicho kitu Mama alichokuwa akikiambia "Bado" kimefika, na kimefika kwa sababu mimi nimeliziba tundu lake la kutokea. Katika mambo yote niliyoyawaza utotoni, hilo peke yake lilikuwa karibu na kweli.

Nilianza kuyaosha majani. Nilichota maji ya kunywa ya Bibi kwa kikombe cha bati, nikaenda jarubani, nikaosha mche mmoja mmoja, nafuta ncha kwa kitambaa cha shati. Nilipofika mwisho wa mstari, wa kwanza ulikuwa umeshakauka tena na mweupe umerudi. Nilianza upya. Sikumwambia mtu. Mama ndiye aliyenikuta, jua la saa sita likinipiga kichwani, nimepiga magoti kwenye tope jeupe.

Hakuninyang'anya kikombe. Alichukua kijiti akakichomeka kwenye udongo. Hakikuingia zaidi ya kucha. Juu palikuwa na maji, chini udongo umefumba. Akakaa kwenye tuta.

"Mama, unaondoka lini?" nikamuuliza.

"Naondoka kwenda wapi?"

"Mafinga. Ulimwambia Bibi."

Nikaona anarudi nyuma, anapita mambo yote moja baada ya jingine, pazia, jembe, Mjomba na watu wake juu ya matuta, mpaka akafika nilipokuwa mimi.

"Yale yalikuwa maneno ya mtu aliyechoka," akasema. "Ndiyo maana ukaenda kwa Mjomba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nilikuwa hapahapa kila siku, mwanangu. Ungeniuliza."

Sijawahi kupigwa kwa fimbo ikaniuma kama maneno hayo, na hayakusemwa kwa hasira. Kisha akachukua kikombe changu, akanywa maji yaliyobaki, akaniambia twende nyumbani, jua kali.

Sasa nimesoma. Nimesoma kwenye simu, nikiwa nasubiri saruji ikauke kwenye nyumba za watu, mambo ya udongo ambayo hayahusiani na kazi yangu. Mvua ni maji yasiyo na kitu. Ikiingia kwenye mfinyanzi wenye chumvi inaiyeyusha na kushuka nayo, chini ya mizizi, mpaka itakapopata mlango. Ikipata mlango, udongo unapona, mvua baada ya mvua. Ikiukosa, inasimama, jua linaivuta juu, na chumvi inapanda nayo kama mafuta kwenye utambi, mpaka juu kabisa ambapo mmea upo. Na mfinyanzi wenye magadi una hatari nyingine: chumvi ya kawaida inapopungua na magadi yakabaki, chembe zake zinaachana, zinavimba, zinaziba kila kijitundu. Kwa hiyo unahitaji pa kupitia na pa kutokea, vyote viwili. Mama alikuwa ameandaa vyote viwili, kwa kutazama chungu na maboga. Nimesoma hayo mara nyingi kuliko inavyofaa. Ninatafuta mahali ambapo ningekuta kwamba jaruba lingekufa tu, hata bila mimi. Sijapaona.

Mvua za kati zilirudi, zikanyesha kwa siku mfululizo, lakini ziliteleza juu ya udongo kama juu ya sahani. Mama alilivunja lile tope la tundu kwa jembe, peke yake, na hakuna aliyekuja kumzuia. Maji yalitoka. Alionja, na safari hii hakusema neno, kwa sababu yalikuwa matamu. Yalikuwa hayajagusa ndani. Mvua ilikuwa inapita juu ya chumvi bila kuikuta.

Tulivuna pembeni tu. Katikati palibaki kipara cheupe. Mjomba alikuja siku ya kupura, akasimama, akaangalia mafungu yetu yaliyokuwa madogo kiasi kwamba hayakutoa hata kivuli. Hakumtukana. Nadhani alikuwa ameandaa maneno, yakamwishia njiani.

"Tulikubaliana, Dada," akasema.

"Tulikubaliana, Kaka."

Akabaki amesimama, kama anasubiri Mama ampinge kidogo ili naye apate nafasi ya kulegeza. Mama hakumpa nafasi hiyo. Aliendelea kupepeta. Siku hiyo nilimchukia Mjomba, na baadaye nikaacha, kwa sababu nilijua nani alimpeleka pale.

Hatukurudi Mafinga. Mama alikwenda Ilula kwa ndugu wa kanisani, akauza nyanya kando ya barabara kuu, akiyakimbilia mabasi na ndoo kichwani, nami nikamfuata wiki chache baadaye nilipomaliza darasa. Hakuniacha hata msimu mmoja. Huko hakuna chumvi kwenye udongo, alisema, na kwa Mama hiyo ilikuwa sifa ya kutosha ya mahali. Ila kila mvua ya kwanza ilipokuwa ikinyesha alitoka nje akasimama barazani, akitazama maji yanavyotoka uani, yanapita wapi, yanaishia wapi. Nami nilisimama pembeni yake, nikiogopa kuuliza anawaza nini, hata baada ya kuambiwa niulize.

Mwaka mmoja nilishuka Ubaruku kwenye msiba wa Bibi. Baada ya mazishi nilikwenda bondeni peke yangu. Tuta la chini la jaruba lilikuwa limekatwa, na mtaro wa Mama umechimbwa upya, umepanuliwa, kingo zake zimepigiliwa vizuri. Maji ya mvua yalikuwa yanatoka taratibu. Pembeni kulikuwa na viroba vya pumba. Mjomba alinikuta pale. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Alitazama mpunga, akatazama korongo, akanieleza habari za mbolea na bei za mashine. Kuhusu mtaro hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Wakati wa kuondoka alinipa gunia la mchele nimpelekee Mama. Mama alilipokea, akapika, akala, akasema ni mchele mzuri.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni kwamba jaruba lile linatoa mpunga, ila bado si la Mama.